Mafuta na Mafua

Nyumbani kwa Kitinda
3 Machi

Baba Watoto,

Salamu nitazitia mwishoni, kama zitabaki.

Nimefika. Kitinda na mumewe walinilaza kiti cha nyuma cha gari kama godoro linalohamishwa, na kila tuta la barabarani nililihisi kwenye nyonga. Daktari wa huku amenipiga picha, anasema mfupa haukuvunjika, ila nyama zimevilia damu. Nitembee na fimbo, nisipande ngazi, nisiiname. Basi niko chumba cha wageni, dirisha linatazama ukuta wa jirani, na mjukuu wako ananiletea vijiko vya plastiki nivionje kimoja kimoja.

Nakuandikia barua kwa sababu simu imenishinda. Jana nimekupigia, ukapokea, ukasema, "Mama Watoto! Je, wajua jicho la mbuni ni kubwa kuliko ubongo wake? Haya, wasalimie wote," ukakata. Sikupata hata nafasi ya kusema halo. Mimi niliyekaa kwenye swichibodi ya hospitali mpaka nywele zikageuka rangi, nikiunganisha simu za madaktari, za wafiwa na za walevi waliokosea namba! Hakuna mlevi aliyewahi kunikatia hivyo.

Sasa nakuuliza kwa maandishi, usije ukasema hukuelewa. Siku ile nilipoteleza bafuni, nilikuita. Nilikuita Baba Watoto, nikakuita kwa jina lako kamili, mwisho nikakuita jina ambalo sitaliandika. Ulikuwa sebuleni. Mlango wa bafu ulikuwa wazi nusu. Nilisikia ukigeuza kurasa za kitabu chako, ukigeuza na kugeuza. Nililala kwenye ile sakafu yenye maji mpaka meno yakaanza kugongana. Halafu ukaja kwa raha zako, ukasukuma mlango, ukasema, "Je, wajua paka haonji utamu wa sukari?" Ndipo ukatazama chini.

Najua ulininyanyua. Ninachotaka kujua ni kabla ya hapo. Ulikuwa unasubiri nini?

Maua ya kibarazani yanataka maji asubuhi, jua halijawa kali. Sufuria kubwa usiitumie, mpini umelegea. Dawa zako za presha ziko droo ya juu, unazinywa? Na paka anakula?

Salamu.

Mama Watoto


Nyumbani
8 Machi

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama.

Nakujibu kwa mpangilio. Maua nimeyamwagilia, asubuhi kama ulivyosema, na lile la kona limetoa chipukizi. Mpini wa sufuria nimeutia skrubu mpya, sasa unaweza kumpigia mwizi. Dawa nimezinywa zote, isipokuwa Alhamisi nilizinywa mchana badala ya asubuhi. Paka anakula vizuri, ila analala kwenye kiti chako na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekufukuza. Namshukuru daktari kwa habari ya mfupa. Fimbo ishike mkono wa upande mzima, wengi hukosea hapo.

Kuhusu simu, mtandao wa huku siku hizi ni wa kubahatisha. Unavuma tu. Tuendelee na barua, zina heshima yake.

Kuhusu siku ile, mawazo yangu yalikuwa mbali. Nilikuwa nimezama kwenye kitabu. Nimekosa, nisamehe.

Nimelipanga upya kabati la jikoni. Makopo sasa yanakwenda kwa kimo, marefu nyuma mafupi mbele, ili mtu asihangaike. Utaniambia.

Na nikupe la kukuchangamsha huko kitandani. Je, wajua shingo ya twiga ina mifupa saba tu, sawasawa na yako na yangu? Urefu wote ule, mifupa ni ile ile. Na pweza ana mioyo mitatu. Mwambie mjukuu.

Mumeo,
Kalenda


Nyumbani kwa Kitinda
13 Machi

Baba Watoto,

"Mawazo yangu yalikuwa mbali." Nimeusoma mstari huo mpaka nimeuchoka. Mbali wapi? Kwa pweza?

Kama ingekuwa siku ile tu, ningenyamaza. Lakini wewe umeniacha zamani, umebaki kuwa mwili unaozunguka nyumbani. Tangu ustaafu, mimi naishi na ukuta unaotoa Je Wajua. Majirani wakikuita Kalenda unacheka. Wao wanaona raha, wanakutana nawe dakika mbili dukani. Kiwandani umesimamia mashine ya kuchapa zile kalenda za kuchana, kila karatasi na Je Wajua yake nyuma, na uliporudi nyumbani kwa kudumu ukaja nazo zote kichwani. Mimi ndiye ninayechanwa kila siku.

Nakukumbusha machache. Mwezi uliopita nilikwambia, "Mafuta yamekwisha." Ukanijibu, "Afadhali, maana yalikukalia vibaya, ukipiga chafya nyumba nzima inatikisika." Nikafikiri unanitania. Nikapika bila mafuta, ukala, ukasifu.

Siku nyingine nilikuwa nimefua mapazia peke yangu, mgongo unauma. Nikakaa, nikakwambia, "Mwenzangu, nimechoka." Ukaniangalia kwa uso mkunjufu kabisa, ukauliza, "Umecheka nini?" Unakumbuka nilichofanya? Niliondoka nikaenda kukaa kibarazani. Hukuja kuniuliza. Ulikuja baadaye kuniambia kwamba mamba hawezi kutoa ulimi nje.

Na ile televisheni yako inayonguruma mpaka fundi cherehani wa nyumba ya pili anaijua taarifa ya habari bila kuwasha yake. Nikikuomba upunguze, unatikisa kichwa na kucheka.

Nimezungumza na Kitinda. Chumba hiki nimeambiwa nikae nitakavyo. Sirudi mwezi huu, na sijui kuhusu ujao. Kwa umri huu nilidhani tutakaa tuongee. Wakati wa kazi hatukupata nafasi. Mimi zamu za usiku, wewe mashine. Nilikuwa nakusubiri ustaafu, Baba Watoto. Nilikuwa na mengi nimekuwekea.

Kabati langu la jikoni lirudishe kama lilivyokuwa. Mimi ni mfupi. Makopo marefu nyuma nitayafikaje?

Mama Watoto


Nyumbani
17 Machi

Kitinda mwanangu,

Hii barua ni yako, usimsomee mama yako.

Nasikia amekwambia anataka kukaa huko. Mwanangu, msemeshe. Mwambie baba yako ana kasoro zake ila si mtu wa kumwacha mtu sakafuni. Mimi nikimwandikia hayo yanatoka vibaya. Nimeanza barua tatu. Kila nikifika kwenye jambo lenyewe, mkono unakwenda kwa wanyama.

Kabati nimelirudisha. Nimekosea mahali pa chumvi na majani ya chai, lakini mengine yako sawa.

Usinipigie simu, andika tu. Na fundi cherehani akikupigia kukusimulia mambo ya huku, mpokee kwa tahadhari. Mama yule moyo wake mzuri, ila akiona kisima anasimulia bahari. Kulikuwa na maji kidogo sebuleni juzi. Nimeyakausha. Zulia liko juani.

Je, wajua kipepeo huonja kwa miguu? Mfikirie akikanyaga matope.

Baba yako


Nyumbani kwa Kitinda
21 Machi

Baba shikamoo,

Fundi cherehani alikwisha kunipigia kabla barua yako haijafika. Hayakuwa maji kidogo, Baba. Ulifungua bomba la jikoni ukaliacha, sinki likajaa, maji yakavuka sebule, yakatoka mlango wa mbele yakashuka ngazi. Yeye alikuja mbio kwa sababu aliona ndala zako zinaelea kibarazani. Anasema aligonga mlango kwa ngumi. Akazunguka, akagonga dirisha. Wewe ulikuwa kitini, mgongo umempa, unasoma, na maji yameshakufika vifundoni. Anasema hukugeuka mpaka alipoingia na kukushika bega, nawe ukaruka kama umeguswa na umeme. Kisha ukamwambia kwamba kwa wataalamu wa mimea ndizi na nyanya ni matunda ya aina moja.

Baba, naomba usinichukie kwa nitakayosema. Nimekaa na mume wangu tumezungumza. Bomba, bafu, majibu yasiyofuatana na maswali, kusahau ulichoulizwa. Tunaogopa akili imeanza kukuacha. Si aibu, ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Mwishoni mwa mwezi tutakuja na gari. Tutakupeleka kwa daktari wa mambo ya ubongo, na baada ya hapo sidhani ni salama ukae peke yako. Hapa kuna sehemu. Nyumba tutatafuta mtu wa kuipangisha.

Mama sijamwambia yote. Nimemwambia tu kuhusu maji.

Usiwashe jiko la gesi mpaka tufike. Tafadhali sana, Baba.

Kitinda wako


Nyumbani kwa Kitinda
23 Machi

Baba Watoto,

Juzi Kitinda alinipa habari ya maji. Nilimwona anaficha jambo, nikamkaba mpaka akasema. Wanasema akili inakuacha. Alilia hapa kitandani kwangu, nami nikamshika.

Leo asubuhi nimetoa barua yako nikaisoma tena, nikitafuta dalili za huo ugonjwa. Sikuziona. Nilichoona ni kitu kingine, na nimeduwaa nacho tangu chai mpaka sasa.

Umenijibu.

Nilikuuliza maua, ukajibu mpaka habari ya chipukizi. Nilikuuliza dawa, ukaniambia hata ya Alhamisi. Nilikutajia mpini, umeutia skrubu. Nilikuuliza paka. Hata fimbo, ambayo sikukuuliza, umenielekeza mkono wa kuishikia. Mtu ambaye akili imemtoka hajibu hivyo. Na mtu anayenidharau, kama nilivyokuwa nadhani mimi, angekumbuka sufuria ya nini?

Nyumbani sijawahi kujibiwa maswali mawili mfululizo. Kwenye karatasi unanijibu yote. Nimekaa nikajiuliza, karatasi ina nini ambacho mimi sina? Nikaenda nikayakusanya yote. Simu. Televisheni. Kugongewa dirisha. Mafuta nikayatamka polepole kwa mdomo wangu mwenyewe, halafu nikatamka mafua. Nimechoka. Umecheka.

Baba Watoto, wewe husikii.

Nijibu hilo tu. Usiniletee mnyama.

Mama Watoto


Nyumbani
29 Machi

Mke wangu,

Niliandika barua ya kukana. Ilikuwa nzuri, kurasa mbili, nimetaja na hali ya hewa. Kisha nikaona mwanangu anakuja kunichukua kama mzigo, nyumba ipangishwe, na yote hayo nayakubali kwa sababu ya kulinda uongo. Nimeichana.

Sisikii. Sauti nene napata, gari likipita napata, mlango ukibamizwa napata. Maneno yananifikia kama redio iliyo nyumba ya jirani. Najua kuna mtu anasema, sijui anasema nini. Ukiwa mbele yangu na mwanga uko usoni pako, nabahatisha kwa midomo. Ukigeuka kwenye jiko, umetoweka.

Walianza ndege. Niliamka siku moja nikadhani wamehama ule mti wa nyuma. Ikafuata saa ya ukutani, nikaibadilisha betri bure. Nilikuwa bado kazini, miaka miwili mitatu kabla ya kustaafu. Mashine zile zilikuwa zinanguruma mpaka meno yanasikia, na vile vya kuziba masikio tulivyopewa tulivitundika ukutani, vilikuwa vinatutoa jasho.

Unamkumbuka mzee wa mashine ya pili, yule mrefu? Masikio yalimwisha mapema. Watu wakaanza kumsema mbele ya uso wake, wanacheka, naye anacheka nao ili asionekane amepitwa. Mkewe alimletea chakula siku moja, akawa anamfokea pale getini kwa sauti ya kufukuzia kuku, kila mtu amesimama anatazama. Mzee akawa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nilimwangalia nikasema mimi sitafika hapo. Afadhali waniite jeuri kuliko waniite kiziwi. Jeuri anaogopwa. Kiziwi anafukuziwa kuku.

Na zile Je Wajua ni kwa sababu hiyo. Nazipenda, siwezi kukataa. Lakini mtu anayeongea haulizwi maswali. Nikiongea mimi, najua kinachozungumzwa ndani ya nyumba. Simu ikilia katika mkono wangu inatetemeka, naona jina lako, nasema la kwangu, nakata kabla hujanitega.

Siku ile bafuni sikusubiri chochote. Sikusikia. Nilikuwa pale, unaniita, na kwangu nyumba ilikuwa kimya kabisa, kimya kizuri cha mchana. Nilikuja kukutafuta kwa sababu nilimwona paka na nikakumbuka jambo la kukusimulia. Nisingemwona paka, sijui ningekuja lini. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mwambie Kitinda asilete gari.

Mumeo


Nyumbani kwa Kitinda
2 Aprili

Baba Watoto,

Gari haliji. Kitinda amelia tena, mara hii kwa kucheka, mimi sijacheka.

Ulitaka nifurahi? Nimefurahi, robo saa. Baada ya hapo nimekasirika kuliko nilivyokasirika kwenye barua zote. Maana niliponyanyuliwa pale bafuni ulikuwa unajua. Nilipopakiwa kwenye gari ulikuwa unajua, ukasimama getini unapunga mkono. Nimelala nyumba ya watu nikiamini mume wangu alinisikia akaniacha kwenye maji. Nimemwambia hivyo mtoto wangu. Nimelisema na kwenye sala. Na wewe ulikuwa na neno moja la kuniondolea hayo yote, ukaona bora niendelee kuamini, ili mradi wewe usiitwe kiziwi.

Umenilinganisha na mke wa yule mzee. Ningekufokea? Ndiyo, ningekufokea! Nimeolewa nawe, nitafoka nikitaka. Lakini ningejua ninamfokea nani. Miaka hii nimekuwa nafoka moyoni, peke yangu, jikoni, kwa mtu ambaye hata hakuwepo.

Na unajua kazi yangu ilikuwa nini. Sauti. Mtu akinipigia nilimjua kama anadanganya, kama anaumwa, kama amefiwa, kabla hajamaliza salamu. Mume wangu mwenyewe sikumjua. Hilo nalo limenichoma, na sijui nimkasirikie nani kwa hilo, kwa hiyo nakukasirikia wewe.

Usidhani nitarudi kwa sababu tu umekiri. Nenda hospitali, kitengo cha masikio. Uende mwenyewe, usimtume fundi cherehani akuulizie. Ukae kwenye benchi, ukiitwa usiposikia, umwambie aliye karibu nawe, "Mimi sisikii vizuri, nikiitwa niguse." Sema kwa mdomo wako. Ukishafanya hivyo niandikie.

Mama Watoto


Nyumbani
16 Aprili

Mke wangu,

Nimekwenda. Ni kama kupeleka gari bovu gereji. Kila mmoja anafungua boneti, anasikitika, anakwambia uje wiki ijayo.

Kwenye benchi nilikaa karibu na kijana mwenye pamba sikioni. Nilijaribu kumwambia yale maneno yako, yakanikwama. Nikaona wagonjwa wanaingia, waliokuja nyuma yangu wanaingia, nami nimekaa. Walikuwa wameniita wakaniruka. Nilipokwenda dirishani kugomba, karani akanionyesha kwa kalamu jina langu lilivyopigwa mstari. Nikarudi kwenye benchi, nikamwambia yule kijana. Akasema kitu. Nikamwambia, "Hicho ulichosema ndicho sisikii." Akacheka, akanigonga gotini kwa goti lake. Aliponigusa tena, zamu ilikuwa yangu.

Waliniweka kwenye kijumba chenye kioo, wakanifunika masikio, wakanipa kitufe nibonyeze nikisikia mlio. Binti mpimaji alikuwa upande wa pili. Nikagundua kila akitoa mlio bega lake linasogea kidogo, basi nikawa nabonyeza kwa bega. Nilikuwa napasi vizuri sana. Akasimamisha, akaja akageuza kiti changu kikatazama ukuta. Baada ya hapo, Mama Watoto, ilikuwa aibu. Nilikaa kwenye kile kijumba kama mtu anayesubiri basi lisilokuja.

Daktari alinichorea. Anasema kelele za mashine huanza kuua sauti nyembamba, zile za t na s na f, na sauti nene hubaki. Kwa hiyo mafuta yalinifikia yakiwa yamepoteza t njiani. Anasema kilichokufa hakifufuki. Kifaa kinaongeza sauti, hakirudishi sikio, na nisitegemee kuwa kama zamani. Nilimuuliza mara tatu, nikidhani nimesikia vibaya. Nilikuwa nimesikia vizuri.

Kifaa ninacho tangu juzi. Nakichukia. Friji linapiga kelele kama lori. Nikitafuna, nasikia kichwa kizima kinatafuna. Nilikunja gazeti nikadhani dari linaanguka. Ndala zangu zina sauti ya kulamba sakafu. Hivi miaka yote umekuwa ukivumilia ndala hizi? Fundi cherehani alikuja kunipongeza, akasema maneno mengi, nikapata karibu nusu, na nusu hiyo ilikuwa inanisema. Jioni nilikitoa nikakitia kwenye kikombe, nikakaa na ukimya wangu. Asubuhi nimekivaa tena. Daktari amesema ubongo unahitaji wiki nyingi kuzoea, na wengi hukata tamaa wakakitupa kwenye droo.

Sijakitupa. Sina ahadi nyingine zaidi ya hiyo.

Kama utakuja, njoo. Kama bado, niambie bado. Chumba cha kulala nimebadilisha shuka, na bafuni nimetandika mpira usioteleza na kupigilia chuma cha kushikia ukutani, kwa kimo chako.

Mumeo


Nyumbani kwa Kitinda
20 Aprili

Baba Watoto,

Nakuja Jumamosi. Mkwe atanileta. Usiite watu, usipike kitu cha kujionyesha.

Na kifaa kiwe sikioni.

Mama Watoto


Nyumbani
28 Aprili

Kitinda mwanangu,

Mama yako amefika, kama mumeo alivyokwambia. Fimbo anaitumia zaidi kunionyeshea vitu kuliko kutembelea.

Aliingia jikoni kwanza, akahamisha chumvi, akahamisha majani ya chai, akafunga kabati. Hakunisemesha. Akakagua bafu, akakishika kile chuma cha ukutani, akakitikisa, akatoka. Hakunisemesha. Mumeo akanywa chai haraka haraka akaaga. Nadhani aliona mawingu yanakusanyika.

Alipoondoka, mama yako alivuta kiti akakiweka mbele ya changu, magoti yetu yakakaribia kugusana. Akanigeuza ili dirisha liwe nyuma yangu, mwanga umwangukie yeye usoni. Akasema, "Unanipata?" Nikasema nakupata. Akasema, "Haya. Nyamaza."

Akaanza na mapazia. Akaja kwenye mafuta, akaja kwenye sikukuu moja ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa, wageni wamejaa, aliponiuliza jambo mbele yao nikamjibu kwa habari ya popo, na wifi yake akacheka. Aliyakumbuka yote. Mengine niliweza kujitetea, nikajitetea, akanikatiza, nikamkatiza. Tuligombana, Kitinda. Wote wawili, kwa zamu, hili linajibu lile. Fundi cherehani alitoa kichwa dirishani akakirudisha.

Nataka nikwambie ukweli wa kifaa hiki, maana unauliza. Si muujiza. Akipandisha sauti inanikwaruza, akishusha inazama, na kila friji likianza kunguruma linaimeza sentensi nzima. Nilikuwa nachoka kama niliyebeba magunia. Nilitamani kukitoa, nikitie kikombeni, nimwachie aseme na uso wangu kama zamani.

Halafu akafika bafuni. Pale sauti yake ilipungua. Aliniambia baridi ya sakafu ilivyokuwa, na alivyokuwa anahesabu vigae vilivyopasuka ili asilie, na kwamba alisikia kurasa. Hayo nimeyapata. Akatazama mikono yake, kisha akainua uso akasema sentensi moja, fupi, akinitazama machoni. Friji likawaka wakati huo huo. Niliona midomo ikisogea, niliona macho yamejaa, na sikupata hata neno.

Mwanangu, nilijua ndiyo sentensi yenyewe. Mengine yote yalikuwa njia ya kufika hapo. Nilijua pia kwamba nikitikisa kichwa tu, atadhani nimesikia, atafuta machozi, na jambo litakwisha. Nimetikisa kichwa hivyo miaka mingi, nina utaalamu nao. Kichwa kilikuwa kimeshaanza kwenda.

Nikainuka nikaenda kuchomoa friji ukutani. Nikarudi nikakaa, magoti pale pale. Nikamwambia, "Hiyo sijaisikia. Rudia."

Sijui kama kuna kazi ngumu kuliko hiyo, kumwambia mtu jambo la namna ile mara ya pili, baridi, likiwa limeshakutoka mara moja kwa uchungu. Nilidhani atasema basi, acha.

Akarudia. Neno kwa neno, na nikalisikia lote.

Baba yako